Picha ya Saa Nne

Nimeombwa nizungumzie kazi iliyochukua zaidi ya nusu ya umri wangu, nayo ni kupiga picha vyombo vilivyotelekezwa: majahazi yaliyolala ufukweni, vichwa vya treni vilivyoota majani, magari yaliyowekwa juu ya mawe. Wengi huniuliza naona nini katika vitu hivyo. Jibu langu linaanzia kwenye picha niliyoikosea.

Ilikuwa Pangani, karibu na mlango wa mto. Nilikuwa kijana mwenye kamera moja na lenzi moja. Jahazi lilikuwa limelalia ubavu, omo mchangani, shetri bado majini, kwa kuwa ilikuwa alfajiri ya maji mafu na bahari haikuwa imerudi mbali. Jua lilipochomoza, mwanga ulipenya kati ya mataruma ukaanguka mchangani mistari mistari. Nilimaliza filamu nzima, picha 36, zote za upande wa omo. Nikachagua moja, nikaikuza, nikaifunga kwenye karatasi, nikampelekea fundi mmoja mzee aliyekuwa akiunda vyombo palepale. Nilitaraji kusifiwa.

Aliishika, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Akaniuliza, "Fashini yake iko wapi?" Nikamwambia ilikuwa majini, haikuonekana. "Na mkuku?" Nao hivyo hivyo. Akanirudishia picha yangu kwa adabu, akasema, "Sasa mwanangu, nitajuaje kilichokiua chombo hiki?"

Akaniambia nisubiri bamvua, niende saa nne asubuhi. Watu wa pwani mnajua hesabu hiyo. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hukupwa hasa kwenye saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu ndipo kupwa kunapoangukia karibu na alfajiri, lakini maji hayaendi mbali. Kwa hiyo mwanga mzuri na ufuko mkavu havikutani. Mpiga picha anayetaka dhahabu ya asubuhi atakikuta chombo nusu kimezama, na anayetaka kukiona chote atakwenda saa nne, jua limeshapanda, kivuli kimekuwa kifupi, kila kitu kimepauka.

Baada ya wiki moja tulikwenda pamoja. Ilikuwa saa ambayo vitabu vya upigaji picha vinatuambia tuiache kamera mkobani. Mzee alipita moja kwa moja hadi shetri, akainama, akashika kichwa cha msumari kwa vidole viwili na kuuchomoa kama mtu anayetoa mwiba kwenye embe. Ulikuwa mwembamba kama kijiti. Ubao uliouzunguka ulikuwa mweusi, laini, ukimomonyoka ukiguswa. Alinieleza kwamba chuma kisichochovywa zinki kikilowa maji ya chumvi hufanya kutu, na kutu hiyo huuozesha ubao kuanzia ndani ya tundu. Tundu hupanuka, kalafati hutoka, maji huingia, nahodha huyakumba kila siku hadi siku moja anachoka. "Hapana dhoruba hapa," alisema. "Kimekufa kwa misumari." Nilipiga picha tatu za yale matundu. Ni picha kavu zisizo na uzuri wowote, ila mkimwonyesha fundi yeyote kuanzia Lamu hadi Kilwa ataisoma habari nzima bila mimi kusema neno.

Tangu siku hiyo, ninapofika penye gofu la chombo, hutafuta jeraha kwanza. Nimegundua pia kwamba mara nyingi jeraha haliko kwenye chombo chenyewe.

Chukueni mfano wa Glasgow. Sultani Barghash wa Zanzibar alipendezwa na manowari ya Waingereza ya jina hilo, naye akajiundishia ya kwake huko Scotland, ikakamilika 1878. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyetwaa usultani bila ridhaa ya Waingereza, alipokataa kuondoka katika jumba la kifalme la Unguja, manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga saa tatu asubuhi. Kabla ya saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Glasgow ilijibu mizinga hiyo ikazamishwa palepale ilipotia nanga. Kina cha bandari hakikutosha kuimeza, na kwa miaka 16, hadi ilipoondolewa mwaka 1912, milingoti yake mitatu na bomba lake la moshi vilisimama juu ya maji mbele ya mji.

Huenda baadhi yenu mmeiona picha ya milingoti hiyo. Kati ya mabaki yote ya meli katika pwani hii, haya yalikuwa rahisi kuliko yote kupigwa picha, na mji wenyewe ulikuwa na studio zilizojua kazi, kama ile ya A. C. Gomes, Mgoa. Ni picha tulivu ya maji, milingoti na mashua zinazopita. Ukiitazama peke yake unaweza kudhani meli ilikutwa na ajali ya kawaida. Lakini iweke kando ya picha nyingine ya wakati uleule, ile ya ufukweni, inayoonyesha majumba ya kifalme yaliyobomolewa, nguzo zimening'inia na dari zimekuwa vifusi. Hapo ndipo jeraha la Glasgow lilipo. Meli ilizama kwa ajili ya jumba. Aliyetaka kuipiga picha milingoti ile kwa haki alipaswa kugeuka nyuma na kuupiga mji.

Fikirini pia Moynaq, huko Uzbekistani, ambako wapiga picha wa dunia nzima huenda kupiga meli za uvuvi zilizolala jangwani. Maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalichepushwa kumwagilia pamba, Bahari ya Aral ikarudi nyuma, meli zikabaki. Meli zile hazikuwa na kosa. Kilichokufa ni bahari, na kifo hicho kinaonekana kwenye mchanga mtupu ambao wengi huukata kwenye pembe ya picha ili kutu ionekane vizuri zaidi.

Kwetu hapa, hadithi ninayoipenda kuliko zote iko kati ya Zanzibar, Rufiji na Mombasa. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, mitambo ya Pegasus ikiwa inatengenezwa, haina uwezo wa kukimbia. Kisha Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, na kukaa humo kwa miezi. Ilichukua hadi Julai 11, 1915, na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege zilizoona toka juu, ndipo ikalemazwa. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe.

Kuna picha zilizopigwa baadaye zinazoionyesha imelalia ubavu mtoni, chuma kikubwa peke yake katikati ya kijani. Leo matope ya Rufiji yameshaimeza. Nilipoanza kuzichunguza picha hizo kwa jicho alilonipa mzee wa Pangani, nilitafuta mizinga. Haimo. Wajerumani waliitoa yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam, mafundi wakaiundia magurudumu, na mizinga ya baharini ikatembea nchi kavu pamoja na jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Walter Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyeishi hapa wakati huo, ametuachia picha nyingi za vita ile. Ninapoziangalia huwatazama zaidi watu waliovuta kamba na kubeba mizigo. Maofisa tunayajua majina yao. Wapagazi, ambao walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wamo ndani ya picha na hawamo kwenye maelezo ya chini ya picha.

Mmoja wa mizinga ya Königsberg uko Mombasa, Fort Jesus. Na mzinga wa Pegasus uko hapo hapo. Aliyeua na aliyeuawa wamewekwa mahali pamoja, watoto wa shule wanawakalia. Nimekwenda pale mara nne kutafuta picha itakayowashika wote wawili bila kufanya mapambo, na sijaridhika bado.

Sasa nataka kusema jambo juu ya mabaki ambayo hayakukusudiwa kuwa mabaki. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani, wakiwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliopewa amri hiyo walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikaendelea kubeba watu, dagaa na mananasi hadi karne hii. Sijui kitu kingine kinachonionyesha mapenzi ya fundi kwa kazi yake kuliko ile grisi. Mtu ameambiwa aue, naye amefunika moyo wa anayemuua ili usioze. Grisi hiyo haionekani katika picha yoyote. Inabidi iandikwe, na ndiyo maana nawaambia vijana wangu wanaojifunza kwangu: daftari kwanza, kamera baadaye.

Vyombo vingi havikupata bahati ya Liemba. Meli ya Robert Coryndon iliundwa na Thornycroft huko Uingereza, ikaletwa vipande vipande hadi Butiaba, Uganda, ikaanza kazi mwaka 1930 kwenye Ziwa Albert. Maji ya maziwa yetu yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilizama bandarini, na gofu lake likabaki hapo kwa nusu karne. Wapiga picha waliowahi walilipata. Waliokawia wamekuta pwani tupu, kwa kuwa limeshakatwa na kuuzwa chuma chakavu.

Hali ni hiyohiyo relini. Kati ya 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilituundia injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zenye uzito wa tani 250 hivi kila moja. Hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Shirika la reli lilikuwa moja, nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila mali ilibaki ilipokutwa. Kati ya zile 34 zimesalia mbili tu, zote katika Makumbusho ya Reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upareni. Milima miwili ya Tanzania imesimama Nairobi kwa shaba na chuma, na mimi kila nikisimama mbele ya vibao vile napata uchungu ambao siwezi kuuingiza kwenye lenzi. Jeraha la injini hizi halikutokana na boila wala magurudumu. Unaweza kuzikagua siku nzima usilione.

Simlaumu mkata chuma. Anakuja na mitungi ya gesi na familia nyumbani, na chuma anachokata kinayeyushwa kuwa nondo za nyumba tunazolala. Kengele ya shule niliyosoma ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Shule ya jirani walikuwa na ringi ya lori. Vyombo vyetu hufa vikagawanywa kama ng'ombe wa sadaka, kila nyumba na kipande chake. Ndiyo sababu gofu la chombo halikai kwetu, na ndiyo sababu picha yake ina uzito. Ninachoomba ni tuwahi kabla ya moto wa gesi, na tukiwakuta wakataji wameshaanza, tusiwafukuze watoke kwenye picha. Wao ndio wa mwisho kuiona meli kwa ndani. Mkata chuma mmoja aliwahi kunionyesha kiraka cha bati kilichochomelewa ndani ya tangi, ambacho kwa nje hakikuonekana kabisa. Alikuwa anajua meli ile ilivyougua kuliko aliyewahi kuimiliki.

Na hapo kwenye tangi niseme jambo la hatari kwa vijana, nalo ni zito kuliko yote niliyoyasema kuhusu mwanga. Msiingie kwenye chumba cha meli kilichofungwa miaka mingi. Kutu hula oksijeni. Ndani ya tangi la chuma lililofungwa, hewa inaweza kuwa imekwisha kazi yake. Unaingia, huoni moshi, husikii harufu, unaanguka. Rafiki yako anaingia kukutoa, naye anaanguka juu yako. Sitaha iliyolika hubeba ndege na haibebi mtu. Mabomba ya boila za zamani yalifungwa asbestosi. Usiyachokonoe, usiyapulizie vumbi ili picha ipendeze.

Kuna mabaki mengine ambayo hatari yake ni ya moyo. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wetu walikufa. Makaburi ya wengi wao yako Igoma. Mabaharia wa Pegasus, baadhi yao wamelala Chapwani, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Zanzibar. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unahesabu mabaki yaliyokaa majini miaka 100 na zaidi, na unataka kuyaacha mahali pake liwe ndilo chaguo la kwanza. Mimi naona kwa waliofiwa miaka 100 ni mingi mno. Chombo kilichokuwa kaburi kinastahili heshima ya kaburi tangu siku ya kwanza. Mzamiaji mmoja aliniuliza kwa nini sijapiga picha mahali fulani ambapo kamera ingefika. Nilimjibu kwamba kuna mama anayenijua kwa jina ambaye mwanawe hajaonekana.

Nimesema juu ya meli na treni, nikawapunja magari. Nitasimulia gari moja tu, kwa kuwa lilinifundisha nilipodhani nimeshahitimu. Ilikuwa Peugeot 504, ile ndefu ya abiria tuliyoiita Pijo, imewekwa juu ya mawe uani kwa mjane mmoja katika mji wa Tanga. Mumewe alikuwa dereva na mwenye gari. Vumbi lilikuwa limelala juu yake sawasawa kama blanketi, kuku wanatagia kiti cha nyuma, mwanga wa saa kumi na moja jioni unapita kwenye kioo. Nilibisha hodi, nikaamkia, nikaomba ruhusa. Mama akakubali, akaniambia nirudi kesho.

Niliporudi nikakuta wajukuu wameiosha. Wameiosha yote, hadi matairi yaliyokufa. Kuku wamehamishwa. Mama mwenyewe amevaa khanga mpya. Aliniuliza kama ningempiga mtu picha hajanawa uso. Nikawa sina la kujibu, na moyoni, nawaambieni ukweli, nilikuwa nimevunjika, kwa kuwa nililijia vumbi lile.

Basi nikaanza kuizunguka. Ubavuni, kwenye mlango wa mbele, maji yalikuwa yameibua maandishi ya rangi yaliyoandikwa kwa mkono, yamefifia lakini yanasomeka: TANGA–MUHEZA–KOROGWE–LUSHOTO. Chini yake kwa herufi ndogo, jina la mke. Mama alikuwa amesahau kama lipo. Alisimama hapo mlangoni, nami nikampiga akiwa amelishika kwa kiganja, saa nne asubuhi, jua kali, hakuna kivuli cha maana. Gari lile limeshauzwa kwa kilo. Picha iko ukutani kwake.

Namalizia Pangani. Mzee wangu ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Jahazi lile lilivunjwa misimu miwili baada ya picha zangu. Ubao ulioliwa ukawa kuni, uliopona ukachukuliwa. Mtoto wake, ambaye naye ni fundi, aliniita siku moja nione mashua mpya aliyokuwa akiiunda. Ilikuwa haijapigwa mbao za juu, kwa hiyo mataruma yalionekana yote, meupe, mapya. Lakini la tatu kutoka omo, upande wa kushoto, lilikuwa jeusi. Ni mkomafi wa jahazi la zamani. Alikuwa amekata sehemu ya matundu yaliyooza, akatoboa mengine, na ndoo ya misumari ya zinki ilikuwa pembeni yake. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Nilitoa kamera.